Siri ya Mgeni ni ya Nani?

Vijana wetu hupenda hadithi za wageni waliotoka nyotani. Katika vibanda vya video, na siku hizi katika simu zao za mkononi, huwatazama viumbe ambao chombo chao kimeharibika, wasio na njia tena ya kurejea kwao, wakajivika sura za binadamu na kutulia katika mji mdogo usio na sifa. Viumbe hao hujifunza lugha ya majirani, hufungua duka, hupeleka watoto shuleni, na usiku ukiingia hutoka uani wakatazama mbingu. Superman, ambaye hadithi zake zilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1938, ni mtoto wa namna hiyo: sayari yake imeangamia, naye amelelewa na wakulima waliomficha kwa kumwita mwana wao. Vijana wawili waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa watoto wa Wayahudi waliohamia ng'ambo, na si ajabu kwamba walijua habari za kuwa na majina mawili.

Baada ya hadithi kama hizo huzuka swali miongoni mwa wanafunzi: wewe ukimtambua mmoja wao, utamtaja? Wako wanaojibu papo hapo kwamba watamtaja, kwa maana haijulikani amekuja na nia gani. Wako wanaosema la, kwani hajamdhuru mtu. Nasi walimu hucheka, tukawarudisha kwenye somo la ngeli. Twaona sasa kwamba tumekosea kucheka. Kwa mtu anayekaa chini ya Kilima cha Arua, au Koboko, mwendo wa saa moja tu kwa gari kuelekea kaskazini, swali hilo halihusu nyota hata kidogo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa maneno. Kiingereza kina neno moja ambalo wanasheria hulitumia kwa raia wa nchi nyingine, na watunzi wa hadithi hulitumia kwa kiumbe wa sayari nyingine. Neno hilo lilikaa katika jina la sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 1960, iliyowapa wakuu wa serikali uwezo wa kumwamuru mkimbizi akae mahali palipotengwa. Na sheria hiyo ilidumu mpaka ilipoondolewa na ile ya 2006. Kiswahili nacho kina neno lake moja, lakini kimeliunganisha kwa namna nyingine. Mgeni ni yule tunayemwandalia chai na kumtandikia mkeka. Mgeni ni yule pia tunayemuuliza vyeti vyake. Methali zetu zenyewe hazikupatana juu yake. Moja yasema mgeni aje ili mwenyeji apone, na nyingine yampa siku mbili tu za kula bure kabla ya kumkabidhi jembe. Hakuna methali tuijuayo inayosema la kufanya kwa mgeni ambaye hakusema kwamba ni mgeni.

Na nchi hii ya magharibi ya Nile imejengwa na wageni waliokwama. Mwaka 1885, baada ya Khartoum kutekwa na wafuasi wa Mahdi, gavana wa jimbo la Ikweta alijikuta amekatiwa njia ya kaskazini. Aliitwa Emin Pasha, lakini jina alilopewa na wazazi wake, huko Silesia alikozaliwa mwaka 1840, lilikuwa Eduard Schnitzer. Huyu mwenyewe alikuwa mfano kamili wa jambo tunalolizungumza: Mjerumani mwenye jina la Kituruki akitawala kwa niaba ya Misri, ambaye wengi waliomzunguka walimjua kwa upande mmoja tu wa maisha yake. Alirudi nyuma hadi Wadelai, ukingoni mwa Nile, pamoja na askari wake na jamaa zao. Stanley alikuja kumwokoa, na mwezi Aprili 1889 wakaondoka Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, kuelekea pwani. Ulimwengu wa magazeti ulishangilia. Walioachwa nyuma hawakushangilia. Askari wengi, chini ya Selim Bey, walibaki pale Kavalli bila mshahara, bila amri, bila nchi ya kuirudia, mpaka Kapteni Lugard alipowakuta mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza huko Uganda. Wengine walikuwa wamebaki kwenye Nile, na mambo yao yakaisha vibaya zaidi.

Hao ndio mizizi ya watu tunaowaita Wanubi. Wengi wao hawakutoka Nubia. Walitoka katika makabila mengi ya Sudan ya kusini na nchi zilizo jirani nayo, wakaunganishwa na jeshi, na Uislamu, na Kiarabu kilichovunjwavunjwa na kuumbwa upya hadi kikawa Kinubi. Kwa muda mrefu watawala hawakujua wawaandike wapi. Hawakuwa wenyeji, wala hawakuwa na kwao pa kurudishwa. Lakini katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imo orodha ya jamii za wenyeji, nayo inahesabu jamii zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Wanubi wamo katika orodha hiyo. Basi kati ya Wadelai na tarehe hiyo ni miaka arobaini na mmoja tu, na miaka hiyo ilitosha kumtoa mtu katika ugeni. Hatusemi kwamba tarehe hiyo ni mbaya. Kila sheria hulazimika kukata mahali fulani. Twasema tu kwamba ni tarehe. Mtu aliyevuka mto mwezi Januari ni mwenyeji, na nduguye aliyevuka mwezi Machi ana maswali ya kujibu.

Mji wa Arua wenyewe si mkongwe sana kuliko mkato huo. Sehemu hii ilikuwa katika Lado, eneo ambalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishwa na Waingereza mwaka 1894, likamtoka alipokufa mwaka 1909, likawa chini ya Sudan, na upande wake wa kusini ukahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mwaka huo huo ndipo Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, alipoweka makao yake Arua. Wenyeji wengi husimulia kwamba jina la mji latokana na neno la Kilugbara la gereza. Mipaka iliyochorwa katika miaka hiyo iliwaacha Wakakwa katika nchi tatu na Walugbara katika mbili. Kwa hiyo Mkakwa wa Yei anapofika Koboko, je, ni mgeni? Anaongea lugha ya mwenyeji wake. Huenda wanatambikia babu mmoja. Lakini akikutana na mwenye daftari, yeye ni mtu wa nje, na anajua hivyo.

Mzigo huu haukukaa upande mmoja. Kusini mwa Sudan kulipowaka vita kabla ya mapatano ya 1972, watu walivuka kuja huku. Kongo ilipochafuka mwaka 1964, watu walivuka kuja huku. Kisha zamu ikageuka. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa majeshi ya serikali mpya yalipoivamia West Nile kuanzia Oktoba 1980, wenyeji wa Arua na Koboko ndio waliokuwa wageni. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo walimotafuta hifadhi. Wengi walikwisha vuka kwenda Zaire na Sudan. Mwanachuoni Barbara Harrell-Bond, aliyechunguza mambo yao huko Yei na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, aliona kwamba wengi wa wakimbizi hao hawakuingia kambini. Walipenya vijijini, wakalima mashamba ya watu na kujichanganya. Na wale waliobaki Uganda, wakiishi Kampala au Bombo au kwingineko, wako waliojifunza kunyamaza sokoni ili lafudhi isiwatoe. Katika miaka ya Amin watu wasio Wanubi walijiita Wanubi kwa kuwa jina hilo lilikuwa na faida. Miaka michache baadaye Wanubi wa kuzaliwa walilificha kwa kuwa lilikuwa na kifo ndani yake. Jina ni lile lile.

Basi mtu wa Arua mwenye umri wa miaka sitini na kitu anapomtazama jirani aliyehamia juzi, anamtazama kwa macho ya mtu aliyepata kuwa jirani wa namna hiyo hiyo. Hapo ndipo tunapotaka kulileta swali la vijana wetu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa hakuna mwalimu wa Koboko atakayeuona mgeni. Mvulana ameingia darasani katikati ya muhula. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalipoenea hadi Yei, mamake alivuka naye pale Oraba, mpakani. Makazi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Mama huyo hakutaka kukaa huko. Alikuwa na dada Koboko mjini, alikuwa na cherehani, na alitaka mwanawe asome. Kwa kuwa msaada kwa wakimbizi aghalabu hutolewa katika makazi yaliyotengwa, anayekaa mjini mara nyingi hahesabiwi. Na asiyehesabiwa huona heri asionekane. Mtoto ameandikwa kwa jina la mume wa dada. Mahali pa kuzaliwa: Koboko. Anasema Kikakwa kama wenzake. Lakini Kiarabu anachoongea ni cha Juba, si Kinubi. Lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu mno, na mpita njia hawezi kuzitenganisha. Mwalimu wa lugha huzitenganisha kabla mtoto hajamaliza kusema jina lake.

Hili ndilo linalotusumbua sisi hasa, wala hatujaliona likiandikwa na wenzetu. Polisi huhitaji karatasi ili kumjua mgeni, sisi hatuhitaji. Kazi tuliyosomea ni kusikia. Katika Biblia, katika Kitabu cha Waamuzi, Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamtaka kila apitaye atamke neno moja, Shibolethi, na aliyeshindwa na sauti ya kwanza akachinjwa. Aliyelichagua neno lile la mtihani, hapana shaka, alikuwa mjuzi wa matamshi. Ujuzi wetu ni ule ule. Kila tunapomwambia mtoto, «Wewe unatamka kama watu wa ng'ambo,» na darasa likacheka, tumesimama kwenye kivuko.

Je, mtoto yule na mamake ni waongo? Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba si halali kusema uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako aliyejificha ndani. Alikuwa akimjibu Mfaransa Benjamin Constant, aliyeshika kwamba wajibu wa kusema kweli tunadaiwa tu na mtu aliye na haki ya kuijua kweli hiyo. Tunamheshimu Kant, hasa kwa kuwa miaka miwili kabla ya hapo aliandika pia kwamba mgeni afikapo nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui, kwa vile dunia ni mviringo na watu hawawezi kutawanyika bila mwisho. Lakini katika hili la muuaji mlangoni, twaona Mfaransa alikaribia zaidi jinsi watu wetu wanavyoishi. Mwulizaji si sawa na mwulizaji. Anayeuliza «Kwenu ni wapi?» akiwa ameshika sahani ya muhogo anauliza neno moja. Anayeuliza maneno hayo hayo akiwa na kalamu anauliza jingine.

Hata hivyo hatutaki kuufanya mjadala huu kuwa mwepesi. Zipo hoja dhidi yetu, na zina uzito. Ya kwanza ni ya mzazi mwenyeji. Nafasi za shule ni chache, vitabu ni vichache, na mwanawe anakaa wanne katika dawati la wawili. Je, hana haki ya kujua waliomo humo ni akina nani? Ana haki ya kudai madawati. Hatuoni jinsi kumjua mtoto aliyetoka Yei kunavyoongeza dawati hata moja, ila kwa kumtoa. Na hapa ukimya wa watu wema una dhambi yake pia: watoto wasiohesabiwa hawaletewi vitabu, na wilaya inayoonekana kuwa na watu wachache kuliko ilio nao hupewa fedha za watu wachache. Kwa kumficha mmoja tunawapunja wote. Jambo hili hatujui kulikwepa. Dawa yake ni hesabu isiyomtisha anayehesabiwa, na dawa hiyo haimo mikononi mwa mwalimu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Si kila aliyejificha amekimbia kisu. Wako wanaojificha kwa sababu kisu kilikuwa mikononi mwao. Vita vya Sudan Kusini, kama vita vyetu vya zamani, viliwatoa wauaji na waliouawa ndugu zao katika mji mmoja, wakavuka mpaka mmoja, na pengine wamepanga katika uwanja mmoja. Mjane akimtambua mpangaji wa chumba cha tatu, tumwambie nini? Kwamba siri ya mgeni ni takatifu? La hasha. Siri inayolindwa ni ile ya mahali mtu alikotoka. Yale aliyowatendea watu hayafichiki chini ya mkeka ule ule, na aliyetendewa ana haki ya kuyasema kwa sauti. Tatizo ni kwamba mambo hayo mawili hayaji yametengana. Anayesema «huyu alimuua mume wangu» anasema pia «huyu si wa hapa», na mara umati huyasikia ya pili peke yake, nayo yatosha kuwaangukia wote waliotoka huko, mjane akiwa miongoni mwao. Tumelitafakari hili kwa muda na hatukuona njia iliyo safi.

Tuliloliona wazi ni jambo dogo zaidi. Waswahili wana neno amana: kitu cha mwenzio kilichowekwa kwako, ambacho si chako ingawa kiko mkononi mwako. Hukuombwa pengine, kimekufikia tu. Siri ya mgeni imetufikia hivyo, kwa njia ya sikio. Na dhambi iliyo ya kawaida kuhusu siri kama hiyo, kwa maoni yetu, si kuitangaza. Watangazaji ni wachache. Dhambi ya kawaida ni kuila. Mwenye nyumba anayejua kwamba mpangaji wake hana karatasi humwongezea kodi mara mbili kwa mwaka, akijua hatashitakiwa. Mwenye duka humlipa msichana nusu ya ujira, na Jumamosi husahau hata hiyo nusu. Hakuna aliyemtaja mtu. Wote wangeapa kwamba wamemficha, na kweli wamemficha, kama mtu anavyomficha mbuzi wa wizi. Na mwalimu? Mwalimu naye huweza kula. Mtoto asiyeweza kumleta baba shuleni kulalamika ndiye anayetumwa maji, ndiye anayepalilia shamba la mwalimu, ndiye anayechapwa bila hofu. Tukijichunguza kwa haki, baadhi yetu tumepata kuchagua mtoto wa kutuma kwa kujua, bila kukiri kwamba tunajua, ni yupi asiye na mtu.

Kwa hiyo tungependa kuligeuza swali la vijana. Wao huuliza kama mgeni ana haki ya kujificha kwetu. Twauliza sisi tuna haki gani juu yake baada ya kumjua. Na jibu letu ni kwamba kumjua hakutupi haki yoyote mpya, ila mzigo. Wasomaji watakaosema kwamba hili ni gumu kuliko kutaja au kunyamaza watakuwa wamesema kweli, maana kunyamaza hutimia mara moja, na kutokula siri ni kazi ya kila siku, Jumamosi ya kulipa ujira ikiwemo.

Lipo pia la mwenye siri mwenyewe, ambalo hadithi za nyotani hulieleza vizuri kuliko sheria zetu. Aliyejificha kwa muda mrefu hupoteza hata anachokificha. Wazee waliorudi kutoka Sudan na Zaire katika miaka ya 1980 walirudi na watoto waliozaliwa huko, na watoto hao walipofika Arua hawakuiona nchi waliyosimuliwa. Walikuwa wageni kwao. Mtoto wetu wa mfano amekatazwa kuutaja mto wa kwao, mwembe wa babu, jina la mwalimu wake wa kwanza. Akitimiza miaka ishirini huenda hatakuwa na haja ya kukatazwa. Kumlinda mtu kwa kumsahaulisha alikotoka ni ulinzi wa ajabu, na hatujui kama mamake, akishona usiku, hufikiri kwamba amepata au amepoteza.

Tangu mwaka 2020 Kiswahili kimo katika masomo ya lazima ya madarasa ya kwanza ya sekondari Uganda, na kwa watoto wengi wa Koboko ni lugha isiyo ya mamake mtu yeyote. Hiyo ni bahati yao moja. Katika Kiswahili wote hukosea ngeli kwa pamoja, na lafudhi ya Yei haionekani kuwa mbaya kuliko ya Arua. Tuseme basi mwalimu ametoa insha, «Kijiji Chetu», kurasa mbili. Mtoto wetu, ambaye huandika mistari mitano kwa kawaida, ameandika kurasa nne. Ameandika juu ya mto mpana ambao wavulana huuvuka kwa kushikana mikono wakati wa masika, na soko lililo upande wa pili. Mto huo hauko Koboko. Mwalimu anaujua mto huo. Mwaka 1981 yeye mwenyewe, akiwa mdogo kuliko mtoto huyu, alivushwa akiwa mgongoni mwa mtu asiyemjua. Amechukua kalamu nyekundu. Amesahihisha «mto kipana» kuwa «mto mpana», amesahihisha «maji wengi» kuwa «maji mengi», na pembeni, mahali anapoandika maoni, ameandika alama tu, kisha akaliweka daftari chini kabisa ya rundo, ili lisiwe la kwanza kusomwa mbele ya darasa.